Trekta Husimama kwa Miguu Mitatu

Nyinyi mafundi vijana wa Katwe, hapa Kampala, mnaonipigia simu kila wiki mkiniuliza ni trekta gani ya zamani isiyopinduka, leo nawajibu wote kwa pamoja ili nipumzike. Hakuna. Zote hupinduka. Hata iliyoegeshwa hupinduka. Nimeiona moja ikilala ubavu bila dereva, kwa sababu mwenyewe aliiacha ukingoni mwa mtaro akaenda kunywa chai, na mvua ikanyesha.

Nimestaafu sasa. Nakaa Kyebando na kuku wangu, na mjukuu wangu husema chapati zangu zina harufu ya grisi, ingawa habakizi hata moja. Mimi ni mwanamke, nalisema hilo mara moja tu ili tuendelee na kazi. Nilizaliwa upande wa Kitale, kule Kenya, ambako baba yangu aliendesha trekta kwenye mashamba ya mahindi, kisha nikaolewa na Mkenya mwenzangu aliyekuwa akiuza vipuri hapa Kampala. Yeye alijua bei ya kila kipuri. Mimi nikataka kujua kila kipuri kinaingia wapi, na ndivyo nilivyojikuta karakanani.

Aliyenifundisha ni Mzee Ocen, mtu wa kaskazini, aliyekuwa fundi wa magari jeshini kabla ya kufungua karakana yake Katwe. Alikuwa mrefu, mkimya, na alichukia spana kuachwa chini kuliko alivyochukia wezi. Tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kibukusu na mimi sikujua Kiacholi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri. Siku yangu ya kwanza hakunipa nyundo wala bisibisi. Alinisimamisha mbele ya trekta kuukuu, akaniuliza swali.

“Hii kitu iko na mguu ngapi?”

Nikahesabu magurudumu. Nikamwambia minne.

“Hapana. Iko na tatu. Tafuta ya tatu, halafu uje unywe chai.”

Nilizunguka trekta ile mpaka chai ikapoa. Nilichungulia kila mahali, nikamshuku mzee kuwa ananichezea, na mafundi wengine wakanicheka. Mwishowe alinionea huruma, akachukua jeki, akainua gurudumu moja la mbele. Gurudumu likapanda, lakini mwili wa trekta haukutikisika. Hapo nikauona mguu wa tatu. Ekseli ya mbele haijafungwa kwenye mwili pande zote mbili. Imeshikwa katikati, kwa pini moja nene, nayo hupanda na kushuka kama mizani ya sokoni.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Ile pini imewekwa makusudi, ili gurudumu moja likiingia shimoni, mwili usiingie nalo. Lakini maana yake ni kwamba mwili wa trekta umekaa juu ya mafiga matatu tu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini. Kila mtu aliyepika anajua chungu hukaa wapi juu ya mafiga. Uzito ukiwa ndani ya yale matatu, utakula jioni kwako. Ukitoka nje ya mstari unaounganisha pini na gurudumu la nyuma, chungu kimemwagika. Dereva naye hutazama gurudumu lake la mbele, analiona bado limekanyaga udongo, anajiona salama, kumbe gurudumu lile halijamshikilia chochote.

Kuna kipande cha chuma pale kwenye ekseli, tunakiita stopa, ambacho huzuia ekseli isipande kupita kiasi. Mwili ukiinama mpaka ukaikuta stopa, hapo ndipo gurudumu la mbele huanza kusaidia. Msaada huo ni wa kweli, ila huja umechelewa, wakati trekta imekwisha kupata mbio za kuanguka. Kwa hiyo nikisikia kuna fundi amekata stopa kwa sababu tairi lilikuwa linagusa wakati wa kupiga kona, nitatoka Kyebando kwa miguu nije nimvue aproni mbele ya wateja.

Baba yangu aliendesha zile za zamani kabisa, ambazo magurudumu ya mbele yamebanana katikati kama magoti ya bibi harusi. Watu walizisema sana, kwamba ni za kuua, na kwamba ukiibadilisha ukaweka ekseli pana umemaliza shida. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Zile zilikuwa mbaya kwenye kona, hasa ukiwa na mwendo. Lakini nimeona watu waliobadilisha wakaweka ekseli pana, wakaanza kupanda vilima kwa kiburi kama wanaendesha lori, wakaanguka kwenye mteremko uleule ambao zamani waliuogopa. Woga ulikuwa unawalinda kuliko chuma.

Ngoja niwape ya kuchekesha kidogo. Alikuja mteja mmoja kutoka Kasubi, Ssalongo, baba wa mapacha, mtu mnene mwenye kofia nzuri, ana shamba huko njia ya Hoima. Ameona ekseli yake ya mbele inacheza, ameshtuka, ametaka tuichomelee ikae imara. Wachomeleaji wawili wa jirani walikuwa wameshakubali, mmoja tayari amevaa miwani. Mimi nikamwambia Ssalongo nitamfanyia kazi yake kwanza kwa majaribio, bila moto, akipenda ndipo tuchomelee. Nikapigilia kabari za mbao kati ya ekseli na mwili, pande zote mbili, ikakazika. Nikamwomba aendeshe mwenyewe, gurudumu moja la mbele lipande juu ya gogo.

Akapanda. Gurudumu la mbele lilipopanda gogo, mwili wote ukainuka nalo, na gurudumu la nyuma la upande uleule likakosa uzito, likaanza kuzunguka bure na kumwaga tope juu ya kofia yake nzuri. Katwe ni bondeni, tope halikosi. Ssalongo alizima injini akashuka polepole, akaniita mama kwa Kiganda: “Nyabo, toa hiyo mbao, niache na ugonjwa yangu.” Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa bushi ya pini tu, ile pete ya chuma inayoizunguka pini, imelika. Tukabadilisha, akaenda. Nanyi mkumbuke: ekseli inatakiwa kucheza juu na chini, haitakiwi kucheza mbele na nyuma. Inua kwa jeki, tia mtaimbo, isukume. Ikienda mbele na nyuma, bushi imekufa.

Kupinduka kwa ubavu angalau hukupa dalili. Kupinduka kinyumenyume hakukupi. Mtu anataka kung'oa kisiki, mnyororo anaufunga juu, pale panapofungwa mkono wa juu wa kubebea jembe, kwa sababu anaona palipo juu pana nguvu. Kisiki kinakataa, magurudumu ya nyuma yanashika ardhi vizuri, basi kinachobaki kuzunguka ni trekta yenyewe. Mbele inainuka na boneti inamjia dereva kifuani. Inatokea kabla mguu haujafika kwenye klachi, na usiniambie wewe mguu wako ni mwepesi, nimeshasikia hayo kwa watu ambao sasa wanatembelea magongo. Vuta kwa ndoano ya chini, iliyo chini ya ekseli ya nyuma, basi. Na mteremko mkali uupande kwa kurudi nyuma.

Sasa nije kwa Okello.

Okello ni mtoto wa Mzee Ocen, kitinda mimba wake, na alikuwa dereva wa trekta ya mama mmoja tuliyemwita Nnalongo, maana naye ni mzazi wa mapacha. Shamba lake liko kwenye vilima vya Mityana, mahindi juu, migomba chini. Nnalongo alikuwa mtu mwema, asiyepiga kelele, aliyewalisha wafanyakazi wake kile alichokula mwenyewe. Siku moja akaja Katwe na trekta juu ya lori, Okello pembeni yake, akaomba tukate ile fremu ya chuma inayosimama nyuma ya kiti.

Mnaijua fremu hiyo. Ndiyo inayozuia trekta isigeuke juu chini na kumfanya dereva chapati. Msiichanganye na kile kivuli cha mabomba membamba tunachowatengenezea watu wajikinge na jua. Kivuli ni kivuli. Trekta ikilala juu yake, mabomba yale yanakunjika kama majani ya mgomba.

Nnalongo hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu. Ghala lake lilikuwa na mlango mfupi, fremu ilikuwa inagonga boriti ya juu, kwa hiyo trekta ilikuwa ikilala nje na watoto wa jirani wakifyonza dizeli. Na ndani ya migomba fremu ilikuwa inaangusha mikungu. “Hii chuma inagonga mulango kila siku,” akaniambia, “na sijawahi kuona kazi yake.”

Nikamwambia ningependa asiione kazi yake mpaka azeeke. Nikakataa. Yeye akasema kwa upole kwamba wachomeleaji wako wengi, na alikuwa anasema kweli: ukisimama Katwe ukanyoosha kidole, kuna mtu mwenye grenda ya kukatia chuma. Mzee Ocen alikuwa ameketi kwenye kibao chake, anasikiliza, na alinyamaza. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kwake. Aliyekuwa akikaa kwenye kiti kile ni mtoto wake. Lakini yeye alikuwa mtu wa jeshi, mali ya mtu ni mali ya mtu, na mwenye mali ameshatoa neno.

Nikafikiri haraka. Nikamuuliza Nnalongo, mlango wa ghala umejengwa kwa vitu gani? Matofali na boriti ya mbao. Nikamwambia basi tatizo lake ni mlango, na mimi nitakuja kuukata. Alinitazama kama mtu aliyempeleka mtoto kwa daktari akaambiwa nyumba ndiyo itibiwe. Lakini nilikwenda Mityana kweli, mimi na fundi mwashi, tukateremsha boriti, tukainua nguzo kwa tofali, tukairudisha juu. Kazi ya asubuhi moja. Kuhusu migomba nilimwambia trekta isiingie humo kabisa, wala haikuwa na kazi humo. Fremu ikabaki.

Ukabaki mkanda. Kijana, nisikilize vizuri: fremu na mkanda ni mume na mke. Trekta isiyo na fremu, usijifunge, maana utakuwa umejifunga kwenye jeneza. Trekta yenye fremu, lazima ujifunge, la sivyo utarushwa nje na fremu yenyewe ndiyo itakayokulalia. Na madereva wetu, Mungu awasaidie, mkanda wa trekta wanafungia jerikeni. Okello alikuwa ameukata wake kabisa akafungia jerikeni ya dizeli kwenye bati la juu ya gurudumu, na alijisifu kwa ubunifu huo.

Nilimfungia mkanda mpya pale Katwe, siku ileile waliyoleta trekta. Akacheka. Akasema yeye hauhitaji, trekta ikianza kuanguka yeye anaruka. Hiyo ni imani ya madereva wote wa zamani, kwamba dereva wa kweli huruka. Wala hakuiokota njiani. Alifundishwa na baba yake, aliyeruka kutoka kwenye lori la jeshi wakati wa ujana wake na akaishi kusimulia. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Nikamwambia sawa, tuone. Akae kwenye kiti, trekta imezimwa, iko tambarare, afumbe macho, nami nikigonga boneti kwa spana aruke. Karakana nzima ikaacha kazi. Nikazungumza kwanza habari za mpira ili asahau, kisha nikagonga. Okello aliruka kweli. Mguu mmoja ukabaki kati ya pedali za breki, suruali ikanasa kwenye gia, akashuka kichwa mbele, mikono chini, na suruali imechanika kutoka goti hadi palipo na aibu. Watu walilia kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni baba yake. Okello akaazima ovaroli, akapanda lori bila kuniaga. Lakini tangu siku hiyo akawa anafunga mkanda. Labda ilikuwa aibu tu. Mimi sijali mtu anaokolewa na nini.

Mavuno ya mahindi yalipofika, siku moja mchana nikapigiwa simu na mfanyakazi wa Nnalongo. Akasema trekta imelala. Nikauliza dereva je? Akasema watu ni wengi, hawezi kuona, na simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupatikana.

Nilimwambia Mzee Ocen vilevile nilivyoambiwa, kwa sababu sijui kusema vingine. Tukapanda pikapu. Nilikuwa naendesha mimi. Nawaambia ukweli, njia nzima hadi Mityana nilikuwa nayarudia mambo yote ya mkanda ule, bolti kwa bolti, nikijiuliza kama niliikaza ile ya kushoto.

Tukakuta imelala ubavu kwenye mteremko, tela nyuma imemwaga mahindi hadi bondeni. Gurudumu la nyuma la upande wa juu lilikuwa limepanda kichuguu kilichofichwa na nyasi, uzito ukavuka mstari, ikaenda. Fremu ilikuwa imechomeka ardhini na kupinda, lakini imeizuia isimalize kugeuka. Na Okello alikuwa ameketi kando ya njia, mkono mmoja umevimba, anawafokea watu wasifunge mnyororo upande wa chini.

Baba yake hakumkimbilia. Alisimama mbele yake, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamgusa bega. Okello akamwambia, “Baba, mguu yangu iliruka. Mkanda ikanikatalia.”

Ndipo Mzee Ocen akaenda upande wa chini wa trekta, upande ambao mtu angeruka, kwa sababu trekta ikiinama mtu huruka inakoinamia. Bati la juu ya gurudumu lilikuwa limezama kwenye udongo, na mabua ya mahindi yaliyokuwa chini yake yamekuwa uji. Akachuchumaa, akatia mkono kwenye mfereji uliochimbwa na lile bati. “Ni hapa,” akasema. “Mimi ndiyo nilimufundisha kuruka.” Akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo, na nilimwacha alie, nikaenda kuwasaidia wengine kufunga mnyororo upande wa juu.

Wiki iliyofuata Nnalongo akaileta trekta Katwe kwa lori. Tukaikagua yote: uskani, pini ya mbele, sanduku la gia. Ilikuwa na majeraha madogo tu. Okello alikuja naye, mkono umefungwa kwenye kitambaa. Nnalongo akaizunguka, akasimama nyuma ya kiti, akauliza kama tunaweza kuitia ile fremu moto kidogo na kuinyoosha, akasema inaonekana bado nene.

Lilikuwa swali la haki. Sisi Katwe tumenyoosha chasi za malori. Tumenyoosha mageti, vitanda, hata mabomba ya kisima, na hakuna aliyejua kunyoosha chuma kuliko Mzee Ocen. Wachomeleaji wa jirani walikuwa wameshasogea. Mzee akainuka kutoka kwenye kibao chake, akaweka kiganja pale ilipopinda.

“Mama, hii hatunyooshi,” akasema. “Hii imekufa. Mutoto yangu alikuwa akufe, ikakufa hii.”

Nnalongo alimtazama Okello, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, mpya inapatikana wapi, iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta hiyo. Nikamwandikia jina la duka. Tulifungua bolti, Mzee Ocen akaikata ile iliyopinda vipande vipande kwa mkono wake, ili asije mtu mwingine kuiokota na kuinyoosha.

Na nyinyi mtaletewa fremu kama hiyo. Chuma kilichopinda namna hiyo kimeshatumia nguvu yake yote. Ukikipasha moto kitanyooka, utakipaka rangi, kitapendeza, na trekta ikilala mara ya pili kitavunjika kama muwa. Usikitoboe, usikichomelee, usikinyooshe. Mwenye trekta atakwambia kuna fundi mwingine hapo mbele atakayekubali, na atakuwa anasema kweli. Muulize huyo mwenye trekta, dereva wake anaitwa nani, na usubiri mpaka akujibu.